Naomba ushauri: mkanda wa timu za wawili, niagize wa Memphis au wa Mid-Atlantic?

Kinyozi_Mtoni
Wakuu heshima kwenu. Kuna ndugu yangu yuko Marekani anarudi nyumbani karibuni na amekubali kunibebea mkanda mmoja wa mieleka, replika, nautaka niutundike saluni maana wateja wangu wengi ni wapenzi wa mieleka na Jumapili tunaweka zile za zamani kwenye TV. Wa WWE sitaki, huo kila mtu anao. Nataka wa timu za wawili wa enzi zile kila eneo la Marekani lilikuwa na promota wake na mabingwa wake. Nimebaki na miwili kichwani, ule wa AWA Southern wa Memphis na ule wa NWA (umoja wa mapromota) wa promota Crockett kule Charlotte, eneo la Mid-Atlantic. Upi una historia nzito zaidi? Nawasilisha.

KonaNyekundu
Mtoa mada bajeti hujaweka, ndugu yako anakuja na mzigo wa kilo ngapi hujasema, na "wa NWA" ndio upi? Bingwa wa dunia wa NWA wa mtu mmoja mmoja alikuwa mmoja tu, lakini kwenye timu za wawili kila promota aliachiwa awe na wake na auite wa dunia, ndio maana katikati ya miaka ya 70 unakuta mabingwa wa dunia Charlotte, wengine Detroit, wengine San Francisco, wote NWA. Mpaka 1992 ndio wakafanya shindano la kupata timu moja, wakashinda Terry Gordy na Steve Williams. Na huo wa Crockett wenyewe 1991 ukabadilishwa jina ukaitwa wa WCW, kampuni iliyomrithi Crockett, kwa hiyo maandishi ya sahani ya mbele yanategemea unautaka wa mwaka gani. Weka maelezo tukusaidie.

mfalme_wa_bluff
Memphis. Wala usijiulize mara mbili.
Mkuu wewe unajua Tupelo? Tarehe 15 Juni 1979, Tupelo Mississippi, Jerry Lawler na Bill Dundee wanatetea mkanda huohuo wa Southern dhidi ya Wayne Farris na Larry Latham. Lawler na Dundee wanavuliwa mkanda, kengele imeshalia, mechi imekwisha, halafu wanne hao wanatoka ulingoni wakipigana mpaka kwenye kibanda cha kuuzia bisi na soda. Wanapigana humo ndani, meza zinapinduka, makopo yanaruka, haradali imetapakaa sakafuni watu wanateleza, Lance Russell anatangaza kwa sauti ya mtu anayeona ajali ya barabarani. Hakuna muziki, hakuna taa za rangi, ni kamera moja inawakimbiza tu. Ile ndio mieleka ambayo hata asiyeipenda atakaa aangalie. Na huyo Wayne Farris ndio baadaye akaja kuwa Honky Tonk Man ambaye nyie wote mlimuona WWF (ndiyo WWE ya sasa) na gitaa lake, na Latham akawa Moondog Spot.
1981 wakarudia palepale Tupelo, safari hii Ricky Morton na Eddie Gilbert dhidi ya Wajapani wawili, Masa Fuchi na Atsushi Onita. Onita akarudi kwao na 1989 akaanzisha FMW, mieleka ya nyaya za miba na milipuko. Sasa niambie mkanda gani mwingine wa mkoa umezaa mambo hayo.

Bi_Shangazi_Tanga
Mimi nilikuwa naangaliaga na kaka zangu kwenye banda la video, nilimjua Honky Tonk Man tu kama adui wa gitaa, sikuwahi kujua alianzia kwenye timu ya wawili 😳 asante kwa hilo

GreensboroDamu
Kaka Memphis ni tamu nakubali lakini tuseme ukweli, mkanda wa Southern ulikuwa unabadilisha mabingwa kila kukicha. Ukumbi ule ule kila Jumatatu usiku, Mid-South Coliseum, watu wale wale, kwa hiyo ili watu warudi wiki ijayo lazima kitu kitokee, leo unavuliwa Jumatatu ijayo unarudishiwa. Huwezi kulinganisha na mkanda wa Crockett.
Ule ulianza 1975 na Gene na Ole Anderson. Waliitwa ndugu ingawa hawakuwa ndugu wa damu, ila namna walivyopigana ungeapa wamezaliwa tumbo moja. Wanachagua mkono mmoja wa mpinzani. Mmoja tu. Huyu anaukunja, anapokezana na mwenzake, yule anaukunja, anaurukia kwa goti, wanapokezana tena, dakika kumi na tano hakuna kingine wanachogusa isipokuwa ule mkono, na mtu akifika mwisho kweli anashindwa kuunyanyua. Hicho ndicho kitu ambacho mieleka ya timu inatakiwa kuwa, kazi ya watu wawili wenye akili moja.
Halafu 12 Machi 1983, Greensboro. Ricky Steamboat na Jay Youngblood dhidi ya Sgt. Slaughter na Don Kernodle ndani ya kizimba cha chuma, Steamboat na Youngblood wakishindwa hawaruhusiwi tena kuwa timu maisha yao yote. Ukumbi ulijaa zaidi ya watu elfu 15 na barabara kuu za kuingia mjini ziliziba kwa foleni, wengine wengi wakarudishwa. Steamboat na Youngblood wakabeba. Foleni ile ndiyo iliyowafungua macho kina Crockett kwamba watu wapo wa kutosha hata kuonyesha kwenye kumbi nyingi kwa wakati mmoja, na Novemba mwaka uleule ikaja Starrcade ya kwanza, onyesho lao kubwa.
Sasa sikiliza hili. Mkanda uleule ulipofika mwisho wake kwa jina la WCW, 18 Novemba 2001, timu ya Dudley wakauunganisha na wa WWF kwa kuwapiga timu ya Hardy ndani ya kizimba cha chuma, unajua ilikuwa wapi? Greensboro. Ukumbi uleule. Mimi nikilifikiria hilo mwili unasisimka.

mfalme_wa_bluff
Hao wakubwa wa Crockett wa miaka ya 80 walifundwa wapi? Memphis! Rock 'n' Roll Express, Morton na Gibson, waliunganishwa Memphis 1983 na Lawler kwa sababu Fabulous Ones walikuwa wanapendwa mno na huwezi kuwa nao miji miwili kwa usiku mmoja, kwa hiyo akatengeneza timu ya pili ya vijana wa aina ileile. Fabulous Ones wenyewe, Steve Keirn na Stan Lane, walizinduliwa na Jackie Fargo aliyekuwa nusu ya Fabulous Fargos wa zamani, wakatengenezewa video za muziki kwenye TV ya Jumamosi asubuhi, kofia ndefu na suruali za mikanda ya mabegani, wasichana wakapagawa. Bobby Eaton na Dennis Condrey na meneja wao Jim Cornette nao walitoka Memphis wakaenda kwa promota mwingine, Bill Watts, kuwa Midnight Express. Crockett alikuja kuvuna shamba lililolimwa.

Msee_Kongowea
Nyinyi mnabishana historia na huyu jamaa anataka kununua kitu 😅 wacha nimwambie yaliyonipata mimi kabla ajute. Mimi niliagiza replika ya mkanda wa timu, miwili manake nilitaka kamili, kutoka kwa muuzaji fulani wa mtandaoni, picha zilikuwa safi kabisa, sahani nene, ngozi nyeusi imechongwa vizuri. Nikalipa yote mbele. Ikakaa, ikakaa, nikiuliza naambiwa iko njiani. Ikifika naitwa nilipe ushuru, na ushuru ukahesabiwa kwa bei ya picha si ya kitu chenyewe. Nafungua boksi, sahani ni bati jembamba limepakwa rangi ya dhahabu, unaikunja kwa kidole gumba inakunjika. Ngozi si ngozi, ni plastiki imegandishwa juu ya kitambaa, na sahani za pembeni hazikupigwa skrubu zimebandikwa gundi. Nimeutundika kwa ukuta, joto la hapa Mombasa mnalijua, gundi ikayeyuka, asubuhi moja nakuta sahani mbili ziko chini na moja imempata paka. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu mara moja kuwa atatuma nyingine, halafu kimya mpaka leo. Kwa hivyo kinyozi, mwambie ndugu yako aushike na mkono kabla hajalipa. Aangalie unene wa sahani upande wa ukingo, aulize kama ni zinki ama shaba, ageuze nyuma aone kama kuna skrubu. Hayo mambo ya Memphis na Greensboro baadaye.

KonaNyekundu
Hapo umeongea. Na kama ni mkanda wa timu lazima iwe miwili, mmoja peke yake ukutani ni kama kiatu kimoja.

Kinyozi_Mtoni
Nashukuru sana wakuu. Uzito sijamuuliza bado. Bajeti inategemea. Kumbe ni miwili? Mimi nilifikiria mmoja. Halafu kuna mteja wangu mtu mzima amenishauri nichukue wa AWA wenyewe wa Minneapolis, sio huu wa Southern, anasema Memphis ni mkoa tu.

Abdi_Minneapolis
Huyo mteja wako mpe kunyoa bure. Mimi naishi hukuhuku, wazee wa hapa ukiwatajia Verne Gagne, promota wa AWA, wanaacha kazi wakae chini waongee. Mkanda wa timu wa AWA waliubeba Jesse Ventura na Adrian Adonis, na Ventura baadaye akawa gavana wa jimbo hili kuanzia 1999. Gavana! Na Road Warriors waliupata 1984 wakiwa bado vijana, nyuso zimepakwa rangi, hawauzi pigo, yaani hawaonyeshi kuumia, hawaanguki.

GreensboroDamu
Kutokuuza pigo ndio kulikoua mieleka ya timu mkuu. Timu ni lazima mmoja ateseke. Morton anapigwa dakika kumi, anatambaa kwenda kwa Gibson, anaukosa mkono kwa urefu wa kidole, refa amegeuka hajaona kupokezana, wanamrudisha kati tena, ukumbi mzima unalia. Morton na Gibson wakaupata wa dunia kwa Ivan Koloff na Krusher Khruschev kule Shelby, Julai 1985, na hapo ndio utaona mkanda una uzito gani. Road Warriors unawaangalia dakika tatu umemaliza.

Mganda_Jinja
Mimi nina swali kwa huyu wa Memphis. Mbona hamsemi ni Memphis hiyohiyo iliyotengeneza Kamala "Jitu la Uganda" 1982? Mtu alikuwa anaitwa James Harris, wa Mississippi, hajawahi kukanyaga Kampala, wakampaka rangi, wakampa kinyago na mkuki, wakamwambia asiongee, wakasema alikuwa mlinzi wa Idi Amin, na picha za "msituni Afrika" wakazipiga kwenye shamba la promota kwa moshi wa barafu kavu. Mimi siwezi kutundika mkanda wa promota yule nyumbani kwangu, nasema wazi.

mfalme_wa_bluff
Ndugu yangu una haki ya kukasirika na sitakubishia, ile picha ilitudhalilisha sisi wote. Ila Harris alikuwa fundi, mtu wa ukubwa ule kutembea vile, na alilipwa kidogo kuliko watu aliowajazia kumbi, aliyasema mwenyewe. Mwishoni kisukari kikamkata miguu yote miwili na 2020 akafariki. Tumkumbuke yeye, sio kinyago.

Bi_Shangazi_Tanga
Jamani mimi nilikuwa mtoto naamini kabisa ni Mganda. Kaka yangu alikuwa anasema ana ndugu Masaka. Mungu amrehemu.

Mganda_Jinja
Ndio maana nasema. Mlimwamini nyinyi majirani, je huko Marekani?

Msee_Kongowea
Tukirudi kwa mkanda, Kinyozi, ndugu yako anakaa mji gani? Kama ni upande wa Carolina kuna maonyesho ya wapenzi wa mieleka ya zamani anaweza kushika vitu kwa mkono. Hujasema.

Kinyozi_Mtoni
Yuko Texas.

KonaNyekundu
Texas?? Na muda wote huo umetuacha tunaongea Memphis? Mkuu Dallas ndio nyumbani kwa kina Von Erich, familia ya wanamieleka, na ndipo walipopambana na Freebirds. Freebirds walikuwa watatu, Hayes, Gordy na Buddy Roberts, na wawili wowote kati yao waliruhusiwa kutetea mkanda, mpaka leo mpango huo unaitwa kwa jina lao. Mwambie aanze kutafuta pale alipo.

GreensboroDamu
Msimchanganye. Crockett, toleo la kabla ya 1991, na asubiri apate miwili.

mfalme_wa_bluff
Southern. Na swali la kando kwa GreensboroDamu, Midnight Express ya kweli kwako ni Eaton na Condrey au Eaton na Lane?

GreensboroDamu
Eaton na Lane. 1988 walikuwa na mkanda wa Marekani tayari wakawavua Arn Anderson na Tully Blanchard wa dunia, wakabeba yote kwa pamoja, mpaka Road Warriors walipowavua New Orleans mwezi Oktoba.

mfalme_wa_bluff
Na Lane katoka wapi? 😊

Abdi_Minneapolis
Na Road Warriors je, walishika wapi mkanda wa AWA kabla ya huo?