Acheni kuwadanganya wabunifu kwamba "hiki hakisajiliki, vipande vyake vina wenyewe"

Wakuu, nina hasira na sitazunguka.

Mdogo wangu ni fundi, yuko Mbeya. Ametengeneza kitotoleshi cha vifaranga: umeme ukikatika, vali inafunguka yenyewe, maji ya moto kutoka jiko la pumba yanapita chini ya trei na mayai yanabaki kwenye nyuzi 37.5. Kidhibiti joto na feni ya jiko ni bidhaa za kampuni zenye hataza (patent, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi). Wakala mmoja wa kusajili hataza akala hela yake, akalikalia faili, kisha akamjibu kwa mkato: vitu vya watu huwezi kuvisajili.

Uongo mtupu! Hapo kuna maswali mawili, na yeye kayakoroga.

La kwanza: huo muunganiko ni mpya, una hatua ya kivumbuzi (yaani si jambo la wazi ambalo fundi yeyote angelifikiria), unatumika viwandani? Kama ndiyo, unapewa hataza hata kila kipande kiwe na mwenyewe. Kuunganisha tu hakutoshi, sawa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2007 kwenye kesi ya KSR na Teleflex: ukikusanya vitu vinavyojulikana vikaleta matokeo yaleyale yaliyotarajiwa, huna uvumbuzi. Basi wakala si angeandika madai (sehemu ya maombi inayotaja hasa unachotaka kilindwe) juu ya ile vali na ule mzunguko wa maji? Ndiyo kazi aliyolipwa!

La pili: unaruhusiwa kuuza? Hataza inakupa haki ya kuwazuia wengine, haikupi ruhusa ya kutumia cha mwenzio. Isaac Singer, huyu wa cherehani, alipata hataza yake 1851 wakati sindano yenye tundu nchani ilikuwa chini ya hataza ya Elias Howe ya 1846. Howe akamshtaki, Singer akalipa mrabaha, na 1856 wakaziweka hataza zao pamoja na za kampuni nyingine mbili. Biashara ikaendelea.

Halafu hataza ya Ujerumani au China ambayo haikusajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa usajili) wala kuletwa Tanzania kupitia ARIPO (shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu) haina nguvu hapa. Wakala aliangalia? Hakuangalia.

Kinachoniuma zaidi, wakala huyo alimshauri mdogo wangu arushe video mtandaoni "apate soko kwanza". Kabla ya kuwasilisha maombi! Kitu kikishaonekana hadharani hakihesabiki tena kuwa kipya; hapo unaua sifa ya upya ya uvumbuzi wako kwa mkono wako.

Wakala, kama umo humu, rudisha hela ya kijana na michoro yake yote. Na mwenye uzoefu wa kuandika madai ya hataza za mashine aje PM, tunawasilisha upya mwezi huu.