Mrejesho: Churchill tumeenda na tumerudi

Wakuu, mwezi Agosti niliuliza twende Churchill, mji mdogo kaskazini mwa jimbo la Manitoba, Kanada, Septemba au mwishoni mwa Oktoba, na kama treni inafaa na mtoto wa miaka saba. Wengi mkasema Oktoba, kwa ajili ya dubu weupe. Asanteni, mlisema kweli. Wakati huo wanakaa pwani wakingoja Ghuba ya Hudson igande waingie kuwinda sili, wanyama wa baharini. Tuliona sita kwa siku moja, tukiwa ndani ya gari la utalii ambalo matairi yake yananifika kifuani.

Barabara ya kufika huko hakuna kabisa. Tulipanda treni Winnipeg, mji mkuu wa Manitoba, kilomita kama 1,700, siku mbili. Raha yake ni dirishani: msitu unapungua, miti inafupika, mwishoni imebaki yenye matawi upande mmoja tu, upepo umeyanyoa ya upande wa pili. Kurudi tulipanda ndege, mgongo ulishagoma.

Kosa langu ni kuchelewa kulipia chumba. Nilipata cha bei ya kuumiza, wacha nisiitaje, mama watoto anasoma humu.

Jambo lililonishangaza: magari pale mjini hayafungwi milango, ili ukikutana na dubu ujitupe ndani ya lolote lililo karibu. Jioni hatukuthubutu kutembea hata hadi dukani.

Na yule aliyeniambia nibebe maandazi ya safari: yaliisha kabla hatujafika Thompson, mji ulio njiani.