Redis imerudi kuwa huria: tupande nayo toleo la 8, au tuhamie Valkey?

Kirumba_Dev

Habari za jioni wakuu.

Ofisini kwetu Mwanza tunatengeneza mfumo wa SACCOS: akiba, mikopo, na meseji za kumkumbusha mwanachama siku ya rejesho. Redis, ile hifadhidata ya kasi inayoweka data kwenye kumbukumbu ya seva, tunaitumia sehemu mbili, kushikilia taarifa za mtu aliyeingia kwenye mfumo na kupanga foleni ya meseji kabla hazijaenda kwa kampuni ya simu. Tuko toleo la 7.2. Machi 2024 kampuni ya Redis ilipoacha leseni huria tuliamua kutulia palepale tuone mambo yanakwendaje.

Sasa bosi kasikia kwamba tangu Mei 2025 toleo la 8 linapatikana kwa leseni huria, AGPLv3, na anataka tupande. Mwenzangu anasema hapana, twende Valkey, mradi uliochipuka kutoka msimbo wa Redis ya zamani. Wamebishana hadi kikao kimeahirishwa, na mimi ndiye niliyeambiwa niandike mapendekezo.

Naomba msaada wa mambo mawili. AGPL itatulazimisha kutoa msimbo wa mfumo wetu? Na la pili, ambalo kwangu ndilo zito: kampuni ikishafunga leseni halafu ikaifungua tena, unaiaminije?

Mzee_wa_Terminali

Mkuu, usirudi. Hifadhidata ya MongoDB Oktoba 2018, programu ya utafutaji ya Elasticsearch Januari 2021, Terraform ya kupangia seva Agosti 2023, Redis Machi 2024. Mtindo ni uleule. Miaka ya mwanzo ni jamii, jamii. Watu wanachangia bure, wanaandika miongozo, wanafundishana. Bidhaa ikishaenea kiasi kwamba kuiondoa ni kazi ya mwaka mzima, linatoka tangazo moja na leseni inakuwa nyingine. HashiCorp walibadilisha leseni ya Terraform, na Aprili iliyofuata IBM wakatangaza kuinunua kampuni kwa dola bilioni 6.4. Waliokuwa wanatuma marekebisho usiku baada ya kazi zao wamepata nini katika hizo bilioni?

BintiNgamiani

Kaka, uchungu wako nauelewa, lakini orodha yote hiyo hujamtaja Amazon hata mara moja, na bila Amazon hadithi haieleweki.

Kampuni ya Elastic ndio walioandika Elasticsearch. Mwaka 2015 Amazon wakaanza kuiuza kama huduma kwenye wingu lao, tena kwa jina lilelile la Elasticsearch. Leseni iliwaruhusu kuutumia msimbo, sawa, ila jina ni alama ya biashara ya watu. Elastic wakawashtaki mwaka 2019, wakaja kumalizana 2022, na Amazon wakaacha kulitumia jina hilo. Sasa niambie, kampuni yenye wahandisi mamia wa kulipa mishahara ifanye nini inapoona mwenye seva nyingi duniani ndiye anayevuna?

Na Redis yenyewe haikuandikwa kwa sadaka. Salvatore Sanfilippo aliianzisha 2009 kule Sicily, lakini kwa miaka mingi alikuwa analipwa: kwanza VMware, kisha Pivotal, kisha Redis Labs, ndiyo kampuni ya Redis yenyewe, kuanzia 2015. Kuna mtu alikuwa anatia saini hizo hundi. Sisi wa SACCOS, wa hospitali, wa maduka ya mtandaoni, tumekula matunda bila kutoa hata shilingi.

Kuhusu AGPL, ndugu Kirumba, usihofu sana. Sharti lake linamhusu anayeibadilisha programu yenyewe kisha akawahudumia watu kupitia mtandao. Ninyi mnaiendesha Redis kama ilivyo, na mfumo wenu unaongea nayo kupitia mtandao ukitumia maktaba ambazo nyingi ni za leseni ya MIT, isiyo na masharti mazito. Kwa jinsi leseni hii inavyoeleweka na wengi, mfumo wenu unabaki wenu. Tahadhari moja tu: kuna wateja wakubwa ambao hawataki kuiona AGPL kabisa. Google wanaipiga marufuku kwenye kazi zao za ndani. Mkiwa na ndoto ya kuuza mfumo kwa benki, waulizeni wanasheria wao mapema.

FundiWaMakulu

Naomba niingie hapa, maana hili jambo naliishi. Natunza seva za ofisi ya umma hapa Dodoma. Mfumo tukiufunga leo, utakuwepo nikishastaafu, na atakayeukuta hatanijua. Kwa hiyo ninapochagua programu siangalii kampuni ni nzuri au mbaya. Mzee na Binti wote wawili wanajadili tabia. Tabia hubadilika bodi ikibadilika. Mimi naangalia nani anaweza kuamua peke yake.

Tuichukue Redis hatua kwa hatua. Juni 2020 Sanfilippo alijiuzulu uongozi wa mradi. Ikaundwa timu ya watu 5 kusimamia msimbo: 3 kutoka kampuni yenyewe, na 2 wa nje, Madelyn Olson wa Amazon na Zhao Zhao wa Alibaba. Hesabu hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtu kwa karibu miaka minne, na sisi wote tulikuwa tunasoma neno BSD kwenye leseni, yaani leseni legevu inayoruhusu karibu kila kitu, na kuridhika. Tarehe 20 Machi 2024 kampuni ikatangaza kwamba kuanzia 7.4 leseni ni RSALv2 au SSPLv1, zote mbili zisizotambulika kuwa huria. Wale wawili wa nje hawakuwa na la kuzuia. BSD ilikuwa inaruhusu, na jina lilikuwa la kampuni.

Lakini BSD hiyohiyo ndiyo iliyotuokoa. Siku nane baadaye, tarehe 28 Machi, Linux Foundation ikatangaza Valkey, iliyoanzia kwenye msimbo wa Redis 7.2.4, ikiungwa mkono na Amazon, Google, Oracle, Ericsson na Snap. Olson na Zhao wakahamia huko. Kwa hiyo anayesema leseni huria haikusaidia kitu anakosea: bila hiyo tungebaki na toleo linalooza au tungetia saini mkataba mpya.

Sasa nenda Redis 8. Bosi wako ameona AGPL na akafurahi, na ni kweli AGPL ni leseni huria kamili. Mwambie afungue faili la CONTRIBUTING.md kwenye mradi wao asome mwanzoni kabisa. Anayetuma mchango lazima aikubalie kampuni haki ya kuutumia mchango huo kwa leseni itakayoitaka yenyewe. Maana yake kampuni inautoa msimbo kwa AGPL, RSAL na SSPL kwa pamoja, na kesho ikitaka kuiondoa AGPL kwenye toleo la 9 haihitaji kumuuliza mtu. Wewe na mimi AGPL inatubana kama kawaida. Kampuni haibanwi na chochote. Ukifungua faili la aina hiyo kwenye Valkey unakuta wanataka mstari mmoja tu wa Signed-off-by, mchangiaji anathibitisha kwamba kazi ni yake au ana haki ya kuitoa, basi. Hamkabidhi mtu madaraka ya ziada.

Mfano ninaoupenda ni shamba la ukoo. Kijana mmoja hawezi kuliuza, hata kama ndiye anayelima kuliko wote, kwa sababu saini zinatakiwa nyingi. Kernel ya Linux, kile kiini cha mfumo, iko hivyo. Msimbo wake ni wa maelfu ya wachangiaji, kila mmoja na haki yake, chini ya GPLv2. Hakuna ofisi duniani inayoweza kukusanya saini zote hizo ikabadilisha leseni.

Hifadhidata ya PostgreSQL wamefika palepale kwa njia nyingine, na hii ndiyo sehemu ninayowaomba muisome vizuri. Leseni yao ni legevu kama BSD. Kampuni kadhaa zimeuchukua msimbo na kutengeneza bidhaa za kufungwa. Hata hivyo mradi wenyewe haujawahi kutekwa. Mwaka 2020 kampuni ya EDB iliinunua 2ndQuadrant, na ghafla zaidi ya nusu ya kamati kuu ya PostgreSQL wakawa waajiriwa wa kampuni moja. Hakuna aliyekuwa amefanya ubaya wowote. Lakini kamati ilikuwa na desturi kwamba kampuni moja isizidi nusu, wakalitangaza jambo hilo hadharani, na Novemba mwaka huohuo wakaongeza wajumbe wawili kutoka kwingine, Andres Freund na Jonathan Katz. Walirekebisha mizani wakati bado hakuna ugomvi. Hiyo ndiyo taasisi. Ndiyo maana mifumo mingi ya afya inayotumia DHIS2, programu ya takwimu za afya ya Chuo Kikuu cha Oslo, ikiwemo ya kwetu Afrika Mashariki, inakaa juu ya PostgreSQL na hakuna wizara inayokosa usingizi kwa sababu ya leseni ya hifadhidata.

Valkey nao wameandika kwenye kanuni zao kwamba shirika moja lisizidi theluthi moja ya kamati ya kiufundi. Kwa sababu hiyo, na si kwa sababu ya chuki na Redis, pendekezo langu ni Valkey.

BintiNgamiani

Kaka Fundi, hoja ya CONTRIBUTING.md naikubali, ni nzito. Ila hebu jiulize nani anawalipa hao wa Valkey. Amazon, Google, Ericsson. Walewale waliovuna ndio sasa wenye kiti mezani, na kampuni iliyolea mradi imebaki nje. Unaita hiyo haki?

FundiWaMakulu

Siiti haki, dada yangu. Redis Labs waliweka fedha na watu, na hilo halifutiki. Ninachosema ni kwamba kwa anayetumia programu, washindani watano wanaochungana ni salama kuliko rafiki mmoja. Amazon akitaka kuifunga Valkey kesho, Google na Ericsson hawatakubali, maana nao wanaitegemea.

Na kama unadhani nawapendelea wakubwa, sivyo. Mradi usio na mtu wa kuulipia unanitisha zaidi. Kumbukeni xz, tena ni wiki ileile ya Machi 2024. Maktaba ndogo ya kubana mafaili, iko karibu kila seva ya Linux, ilitunzwa kwa miaka na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa muda wake wa ziada na akiwa amechoka. Akajitokeza msaidizi anayejiita Jia Tan, akachangia kwa subira hadi akapewa ruhusa ya kutoa matoleo, na zaidi ya miaka miwili tangu aanze ndipo akapenyeza njia ya siri ya kuingilia seva kupitia SSH, ule mlango wa kuendeshea seva ukiwa mbali. Aliyeigundua ni Andres Freund yuleyule wa kamati ya PostgreSQL, mhandisi wa Microsoft. Aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kulipuuza. Tarehe 29 Machi akatangaza. Mtu huyo ana muda wa kufuatilia nusu sekunde kwa sababu analipwa mshahara. Kwa hiyo fedha za kampuni nazitaka ziwepo. Nisichotaka ni kampuni moja kushika kalamu peke yake.

Na sisi tuchangie basi. Ofisi yetu imeanza kuripoti hitilafu kwa utaratibu, na kijana mmoja ameshatuma marekebisho ya maelezo ya matumizi. Ni kidogo, lakini jina lake limo.

Mzee_wa_Terminali

Hapo kwenye PostgreSQL umenifunza kitu. Nilikuwa naangalia leseni tu. Naenda kuangalia miradi yote tunayotumia, ni nani wako kwenye kamati.

Kirumba_Dev

Asanteni sana wakuu, mapendekezo yamejiandika yenyewe. Fundi, swali la mwisho: kuhama kunakwendaje bila kupoteza foleni? Wanachama wakipata meseji ya rejesho mara mbili usiku wa manane, asubuhi simu hazikamatiki.

FundiWaMakulu

Una bahati hamkupanda 7.4. Faili la data la 7.2 na Valkey vinaelewana, kuanzia 7.4 muundo umetofautiana na Valkey hailisomi.

Sisi tulifanya hivi. Washa Valkey kwenye seva ya pembeni, weka nenosiri la Redis ya zamani kwenye `masterauth`, halafu iamrishe `REPLICAOF` ikifuatiwa na anwani na namba ya mlango wa Redis. Itavuta data yote na kuendelea kufuata kila badiliko. Tazama `INFO replication` hadi `master_link_status` isome `up`. Hapo mfumo unaendelea kazi kama kawaida, hakuna anayejua.

Usiku wa kuhama, kwanza kabisa zima programu inayochota foleni na kutuma meseji. Hiyo ndiyo inayozuia meseji kwenda mara mbili. Kisha simamisha mfumo wenyewe, hakikisha namba ya `offset`, inayoonyesha nakala imefikia wapi, inalingana pande zote mbili, toa amri ya `REPLICAOF NO ONE` kwenye Valkey, elekeza mfumo kwenye anwani mpya, uwashe, na mwisho kabisa washa ya kutuma meseji. Redis ya zamani iache imezimwa lakini usiifute mpaka mwisho wa mwezi, rejesho zote zipite.

Usishtuke ukiandika `INFO server` ukakuta bado pameandikwa `redis_version:7.2.4`. Wameiacha makusudi ili maktaba zinazokagua toleo zisigome. Toleo halisi liko kwenye mstari wa `valkey_version`.

Kabla ya yote hayo andika `MODULE LIST` kwenye Redis yenu ya sasa. Ikirudi tupu, endelea. Ikionyesha moduli ya JSON au ya utafutaji, rudi hapa kwanza tuizungumze, maana hizo ni za kampuni na hazimo kwenye msimbo ulioanzisha Valkey.

Kirumba_Dev

Imerudi tupu. Tunafanya Jumamosi baada ya saa nne usiku.