Florida State: mechi 24, ushindi 7, halafu kocha anaongezewa muda. Tunafanywa wajinga?

Wakuu, kwema? Najua humu mpira wa Kimarekani una wafuatiliaji wachache na wengi wenu mko upande wa NFL, ile ligi ya kulipwa. Ila kuna wenzangu kadhaa mlioko Marekani, na sisi tuliopita huko tukarudi na huu ugonjwa wa kushabikia timu ya chuo, Florida State. Uzi ni wa kwetu. Mods, naomba msiuunganishe na ule wa NFL, huku watu wana machungu yao.

Naanza na hesabu, maana kuna watu ukiigusa timu wanasema una chuki binafsi na kocha. Msimu wa 2024 tulishinda 2 tukapoteza 10. Msimu wa 2025 tumeshinda 5 tukapoteza 7. Ndani ya ligi yetu ya ACC, misimu yote miwili ukiijumlisha, tuna ushindi 3 na vipigo 13. Chuo chenye ubingwa wa taifa wa 1993, 1999 na 2013! Chini ya mzee Bobby Bowden timu hii ilimaliza ndani ya tano bora misimu 14 mfululizo, kuanzia 1987 hadi 2000. Leo hata ule ushindi wa 6 wa kukupeleka kwenye mechi za mwisho wa msimu tunausikia kwa majirani, mwaka wa pili huu.

Uongozi ukayatazama hayo yote ukasema kocha Mike Norvell anaendelea 2026. Na tangazo lenyewe hawakungoja hata msimu uishe. Tumetoka kufungwa na NC State 21-11, siku chache tu baadaye wakatoa taarifa, mechi ya Florida (chuo kingine, watani wetu wa jimbo) hatujaicheza. Tukaenda kwao Gainesville na baraka za uongozi mkononi, tukala 40-21.

Hiyo Florida iliyotufunga ilikuwa imeshamtimua kocha wake Billy Napier tangu Oktoba. Ina kocha wa muda, ina ushindi 3 tu hadi siku hiyo. Kijana wao Jadan Baugh akakimbia na mpira yadi 266 peke yake. Kwa msioujua huu mchezo, mkimbiaji akifikisha yadi 100 kwenye mechi moja watu wanasema leo kaamka vizuri. Huyu 266! Kila aliyekuwa uwanjani alijua mpira anapewa nani, muuza karanga jukwaani alijua, na benchi letu lenye makocha wanaolipwa mamilioni likakaa linatazama. Tena Stanford nao walitufunga 20-13 kule California wakiwa na kocha wa muda vilevile, Frank Reich. Timu zote mbili hizo zilimaliza msimu na ushindi 4, na kila moja ina ushindi mmoja kati ya hiyo minne kutoka kwetu.

Sasa twendeni pale ugonjwa ulipoanzia, maana wengi wanadhani ulianzia Dublin, kwenye mechi ya kwanza ya 2024. Haukuanzia Dublin. Ulianzia mezani, kwenye karatasi.

Mnakumbuka 2023. Mechi 13, ushindi 13, ubingwa wa ACC. Kotabeki wetu (mpiga pasi anayeongoza mashambulizi) Jordan Travis alikuwa ameumia mguu kwenye mechi ya North Alabama mwezi Novemba, basi kamati ikaamua bila yeye hatufai kuwa kwenye zile timu nne za kugombea ubingwa, nafasi ikaenda kwa Alabama. Tulionewa, na hapo sibishani na mtu. Baadaye tukaenda Orange Bowl, mechi ya heshima ya mwisho wa msimu, na kikosi kilichobaki baada ya wengine kujitoa, Georgia wakatupiga 63-3.

Januari 2024 kocha Nick Saban anastaafu Alabama. Alabama wanatafuta kocha, jina la Norvell linatajwa kwenye magazeti. Viongozi wetu wakaingiwa na kiwewe. Wakamwekea mezani mkataba wa miaka 8, zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Alabama wakamchukua Kalen DeBoer, maisha yao yakaendelea. Sisi tukabaki na bili. Kuanzia hapo kumfukuza Norvell kukawa na bei: mwisho wa 2024 ilikuwa zaidi ya dola milioni 60, mwisho wa 2025 bado ni zaidi ya milioni 50. Kila mtu anayekuambia leo "hela ya kuvunja mkataba hakuna", muulize nani aliuandika, na alikuwa anakimbizwa na nani siku ile.

Na kocha alipopata uhakika wa miaka minane alifanya nini? Wachezaji 10 walichukuliwa kwenye usajili wa NFL wa 2024, akina Jared Verse, Keon Coleman, Braden Fiske, Trey Benson na wenzao. Watu kumi wanaondoka kwa mpigo, na wengi wao walikuja kupitia dirisha la uhamisho, hatukuwalea sisi. Kocha mwenye miaka minane mbele yake angeanza kukusanya vijana wa sekondari, awafundishe, wakomae. Yeye akarudi sokoni kununua timu nyingine ya msimu mmoja. Ilishakubali mara moja, akadhani itakubali kila mwaka.

Tukaanza 2024 tukiwa namba 10 kwenye orodha ya nchi nzima. Tukapandishwa ndege hadi Ireland, Georgia Tech wakatufunga 24-21 kwa teke la sekunde ya mwisho. Watu wakasema ni safari, ni uchovu, ni hali ya hewa. Boston College wakatufuata nyumbani, 28-13. Halafu ikaja Memphis. Memphis ni timu aliyoifundisha Norvell mwenyewe kabla ya kuja kwetu, na tuliwalipa, narudia, TULIWALIPA dola milioni 1.3 waje kwetu Tallahassee wacheze na sisi. Wakaja, wakatufunga 20-12, wakaondoka na hundi yao. Hapo mimi nilizima televisheni nikaenda kukaa nje na mbu.

Zile pointi 21 za Dublin ndizo nyingi zaidi tulizopata msimu mzima wa 2024 dhidi ya timu za daraja letu. Msimu mzima! Tulipata 41 mara moja tu, na ilikuwa kwa Charleston Southern, timu ya daraja la chini. Ukiitoa hiyo, wastani wetu ni pointi 13 kwa mechi. Notre Dame wakatupa 52-3 mwezi Novemba, ndipo Norvell akaamka. Akafukuza kocha wa mashambulizi, kocha wa ulinzi na kocha wa wapokeaji, siku moja. Wasaidizi vichwa chini, bosi kabaki.

Nimtendee haki kidogo. Baada ya ile aibu alikubali mkataba wake uguswe, akarudisha dola milioni 4.5 za mshahara wa 2025 zisaidie mfuko wa timu. Si wengi wangefanya hivyo, nampa hilo. Akaletwa Gus Malzahn kupanga mashambulizi na Tony White kupanga ulinzi. Usajili ukafunguliwa upya, na kotabeki tuliyemleta ni Thomas Castellanos. Mnamkumbuka? Ndiye alikuwa kotabeki wa Boston College siku ile wametufunga nyumbani. Hiyo ndiyo sera yetu ya usajili, anayetuumiza leo mwakani tunamlipa.

Kijana mwenyewe lakini ana roho. Kabla ya msimu alisema hadharani kwamba Alabama sasa hawana Nick Saban wa kuwaokoa. Watu wakamcheka. Agosti 30, 2025 wakaja uwanjani kwetu Doak Campbell, tukawapiga 31-17. Siku ile sitaisema vibaya hata nikiwa na hasira namna hii. Tuliwasukuma, tuliwakimbilia katikati kabisa ya ukuta wao, mashabiki wakaingia uwanjani. Mimi huku Dar ilikuwa usiku na nilipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akagonga mlango.

Na ile mechi ndiyo imetuponza. Tukapiga East Texas A&M 77-3, Kent State 66-10, tukapanda hadi namba 8. Mechi mbili za kufanyia mazoezi, watu wakaanza kuhesabu njia ya ubingwa. Ijumaa tukaenda Virginia. Muda wa nyongeza mara mbili, wakatufunga 46-38, pasi yetu ya mwisho ikanaswa na mashabiki wao wakamwagika uwanjani. Wiki iliyofuata Miami wanakuja nyumbani kwetu, robo ya nne tuko nyuma 28-3, tukazinduka dakika za lala salama ikaisha 28-22. Halafu Pitt, nyumbani tena, na kotabeki wa mwaka wa kwanza ambaye alikuwa anaanza mechi yake ya pili tu maishani kwenye ngazi hii. 34-31. Halafu Stanford.

Ndiyo mnaanza na ule wimbo wenu: "tulikuwa karibu". Vipigo vinne mfululizo, tofauti ya pointi 24 tu ukizijumlisha zote. Basi mnaona ni bahati mbaya. Mkuu, mechi ikishafika dakika tano za mwisho na mnakaribiana, kazi ya kocha ndiyo inaanza pale. Nani atulie, muda wa mapumziko utumike lini, adhabu za kijinga zisitokee, mchezo upi uitwe ikiwa zimebaki yadi tatu. Malzahn kaleta mashambulizi, yadi tulikuwa tunazikusanya vizuri tu. Kukimbiza yadi katikati ya uwanja na kuingia kwenye eneo la mwisho ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili inahitaji mtu mwenye kichwa baridi pale benchi. Ukipoteza ya namna hiyo moja, bahati mbaya. Nne mfululizo?

Hapa nyumbani Simba au Yanga ikitoa sare mbili kocha anaanza kufungasha, watu wanalala getini. Sisemi tuige ule wazimu. Ila kati ya kufukuza mtu kwa sare mbili na kumvumilia kwa vipigo 17, nafasi ya katikati ipo, na mtu mwenye akili timamu anaiona.

Na msiniletee habari ya hela, tafadhali. Penn State msimu huohuo wa 2025 wamemfukuza James Franklin, LSU wamemfukuza Brian Kelly, wote kwa mikataba ya mamilioni kwa mamilioni. Hela ya chuo kikubwa ikitakiwa inapatikana. Kwetu ilipatikana ya kukarabati uwanja, zaidi ya dola milioni 250, wakapunguza viti vya watu wa kawaida wakaweka viti vya kifahari. Shabiki kaambiwa achangie zaidi kwa kiti chake, achangie mfuko wa kuwalipa wachezaji, anunue jezi mpya. Kachangia. Akiuliza timu iko wapi anaambiwa awe na subira, uongozi utafanya "tathmini ya kina". Tathmini gani tena? Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa uwanja kila wiki, na ubao wenyewe ni mkubwa kuliko nyumba ya mtu.

Lakini jambo linalonikera kuliko yote ni ugenini. Hadi msimu wa 2025 unaisha, ushindi wetu wa mwisho kwenye uwanja wa mwenyeji ulikuwa wa Novemba 25, 2023, Gainesville, 24-15. Tangu hapo SMU, Duke, Miami, Notre Dame, Virginia, Stanford, Clemson, NC State, Florida. Safari tisa, vipigo tisa. Duke jamani! Timu inayoshinda kwake ikipigiwa ngoma na mashabiki, halafu ikipanda basi inasahau kila kitu, haijafundishwa. Inabebwa na kelele za jukwaa. Na sababu ni ileile, kikosi cha kununua kila mwaka. Wanajuana majina mwezi wa saba, mwezi wa tisa wanatakiwa waaminiane mbele ya watu elfu 60 wanaowazomea.

Haya, nimemaliza, povu ruksa.

NYONGEZA: Naona comments. Aliyeuliza "sasa wewe ungemleta nani", mkuu mimi si mkurugenzi wa michezo, silipwi kwa kazi hiyo, yupo anayelipwa. Ninachojua, anayekuja asipewe mkataba wa miaka minane kwa sababu chuo kingine kimempigia simu. Akitaka kwenda aende.

Aliyesema nimewasema vibaya vijana, rudia kusoma. Vijana sijawagusa. Castellanos alirudi uwanjani akiwa na maumivu na akacheza kwa moyo. Nimesema benchi na ofisi.

Na wewe uliyeandika "2026 tutawanyamazisha", nimefurahi umejitokeza. Msimu wa 2026 Alabama hawaji Tallahassee, tunawafuata sisi kwao Tuscaloosa. Ugenini. Nyie mnaotembea na ile 31-17 mfukoni, wekeni dau hapa chini na majina yenu, niscreenshot mapema kabla hamjafuta.