MJADALA: Ada ya KNUT, iendelee kupitia TSC ama tuanze kulipa wenyewe?

Walimu wenzangu, naleta hii maneno hapa kwa sababu jana ofisini tumebishana mpaka kengele ikalia na hatukumaliza. Swali ni hili, KNUT, chama chetu cha kutetea walimu, iendelee kupata pesa zake kwa yale makato TSC, tume inayotuajiri, inakata kwa mshahara na kutumia chama, ama sehemu ya hio ada tuanze kuilipa wenyewe, moja kwa moja kwa tawi? Mimi nasema tulipe wenyewe, angalau sehemu, na nipingwe na mwenye sababu.

Wale mmeajiriwa juzi pengine hamjui vile 2019 ilikuwa. CBA, yaani mkataba wa mishahara kati ya chama na TSC, ya 2017 hadi 2021, ile ya shilingi bilioni 54, ilikuwa inalipwa kwa awamu. KNUT ilikuwa imeenda kortini kupinga ile miongozo ya kupandisha vyeo, CPG, na Julai 2019 korti ikasema walimu wa KNUT wabaki kwa skimu za zamani. Kwa karatasi tulishinda. TSC nayo ikasema sawa, kama CPG hamtaki basi nyongeza iliyojengwa juu ya CPG haiwahusu, ikalipa wengine sisi tukabaki tunaangalia. Mtu mmetoka chuo naye mwaka mmoja, mnafundisha madarasa yanayopakana ukuta, peislipu yake imepanda yako imekwama pale pale juu ya chama uliko. Watu wakahama. Hata mimi nilihama, sifichi, nilikuwa na mtoto anaingia fomu wan na ile tofauti ndio ingelipa karo.

Chama kilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000, na kufika 2021 walikuwa wameshuka chini ya 20,000. KNUT ilidai majina mengine yametolewa bila idhini, TSC ikasema walimu wamejitoa wenyewe, na hapo sitaki turudi kwa sababu shimo lilikuwa ni lile lile. Hii ada inakatwa kabla hata hujaiona, so ikiisha haiishi pole pole, inapotea kama stima. Wafanyakazi wa chama wakaachishwa kazi, kuna matawi yakashindwa hata na kodi ya ofisi. Na hiki ni chama cha 1957, chama cha katibu mkuu Ambrose Adongo na mgomo wa 1997, chama kilichokuwa kikisema kesho hakuna shule na kweli kesho hakuna shule. Iliniuma sana, na bado inaniuma kwa sababu na mimi nilichangia.

Juni 2021 katibu mkuu Sossion akajiuzulu, Oyuu akaingia mahali pake, na moja kwa moja akaenda kupatana na TSC. Julai wakatia sahihi CBA ya 2021 hadi 2025 ambayo wakati inasainiwa haikuwa na nyongeza ya mshahara hata shilingi moja. Kuna wenye wanamlaumu. Mimi siwezi, kwa sababu mtu anayekushikia mfuko wako ukiketi naye mezani utamkazia shingo namna gani? Wanachama walirudi, pesa zikarudi, na hapo ndio naona hatari, kwa sababu bomba ni lile lile na mkono ulio kwa koki ni ule ule.

Sasa pendekezo langu. Sisemi makato yafutwe. Nasema shilingi mia kwa mwezi, kila mwalimu, kwa M-Pesa, kwa Paybill ya tawi lake. Walimu 180,000 wakilipa wote ni milioni 18. Najua hawatalipa wote, chukua theluthi peke yake, milioni 6, gawa kwa matawi 110, kila tawi linapata kama 54,000 kwa mwezi. Si pesa ya kununua gari la katibu. Ni kodi ya ofisi na karani mmoja, yaani mwalimu akipewa barua ya kujieleza kuna mlango wa kubisha na mtu ndani, hata makao makuu Nairobi na TSC wawe wamekosana vipi.

NYONGEZA, nimesoma majibu yenu.

Aliyesema sheria inatulinda, kwamba kifungu cha 48 cha sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 kinalazimisha mwajiri kukata na kutuma. Ni kweli. Lakini hio sheria ilikuwepo 2019 pia. Inakulinda ukiwa mwanachama, ukishaandika barua ya kujitoa mwajiri hana ruhusa ya kukukata tena, na njia ya kufanya watu waandike barua tuliiona.

Aliyesema peislipu imeshaliwa, bima ya afya SHA 2.75%, ushuru wa nyumba 1.5%, pensheni, loni ya sacco, na mimi naongeza mia juu. Hapana, hio mia itoke kwa ile ada tunayokatwa tayari. Makao makuu wapunguziwe mia, tawi lipewe mia. Najua hapo ndio vita vitakuwa, si kwa walimu, ni kwa wale wa juu.

Aliyesema hakuna mwalimu atalipa bila kukatwa. Mimi ni mweka hazina wa merigoraundi, kikundi cha kuchanga pesa kwa zamu, cha walimu 14 hapa shuleni, mwaka wa sita huu, hakuna anayetukata, tarehe 5 pesa inaingia na wanaochelewa ni wawili tu. Mmoja amenijibu kwamba merigoraundi zamu yako inafika, KNUT zamu yako ni siku umepata shida tu. Hio hoja ni nzito na jibu kamili sina. Ninachojua ni kwamba kwa merigoraundi yetu steitimenti ya M-Pesa inasomwa mbele ya kila mtu kila mwezi. Tawi likifanya hivyo, mbele ya wanachama na si mbele ya kamati, nadhani wengi watalipa.

Hoja nimeshaiandika kwa ajili ya mkutano mkuu wa tawi letu. Natafuta mtu wa kuiunga mkono siku hio, wawili wakipatikana ni vizuri zaidi.