Mjadala: Simba wa Tsavo warudi kutoka Chicago, au tuanze na waliojenga daraja?

Mzazi wa Makadara

Wiki jana mwanangu wa Gredi ya 5 alinionyesha daftari lake. Swali: nani alijenga daraja la reli la Tsavo? Kajibu "Patterson", na pembeni kuna alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Simlaumu mtoto wala mwalimu. Mimi pia nilijibu hivyohivyo enzi zangu. Lakini swali limenikaa rohoni, na kwa kuwa hoja ya kuwarudisha wale simba wawili huzuka kila baada ya muda, nalileta hapa.

Kwa asiyejua habari: John Patterson, mwanajeshi na mhandisi wa Uingereza, alifika Tsavo Machi 1898 kusimamia daraja la Reli ya Uganda. Simba dume wawili wasio na manyoya ya shingoni wakawa wanapenya maboma ya miiba usiku na kuwaburuta watu kutoka mahemani, miezi kadhaa. Aliwaua Desemba mwaka huohuo, mmoja tarehe 9, wa pili tarehe 29. Ngozi akazifanya mazulia. Mwaka 1924 akaziuza pamoja na mafuvu kwa makumbusho ya Field, Chicago, kwa dola 5,000.

Walioliwa ni wangapi? Kitabu chake cha 1907 kinataja vibarua 28 wa Kihindi, halafu kinaongeza kwamba kulikuwa na Waafrika wengi ambao hawakuwekewa rekodi yoyote rasmi. Baadaye akapandisha hadi 135. Wanasayansi waliopima mifupa na manyoya ya simba hao wakakadiria, mwaka 2009, kama watu 35. Tunabishana 28, 35, 135. Mimi nakwama pale pa "hawakuwekewa rekodi". Mataruma yalihesabiwa, mabehewa yalihesabiwa, na hao hawakuhesabiwa.

Kuna jambo jingine shuleni sikulisikia kamwe. Vibarua waligoma. Mwanzoni mwa Desemba walimwambia Patterson kwamba walikuja kufanya kazi ya serikali, si kuwa chakula cha simba. Kisha mamia wakajitupa kwenye reli mbele ya treni ya kwenda pwani, ikasimama, wakapanda na mizigo yao wakaenda zao. Ujenzi ulilala karibu wiki tatu. Watu waliovuka bahari kutoka Bara Hindi kwa mkataba, hawana bunduki, wanasimamisha treni kwa miili yao! Hiyo ndiyo historia ya daraja, na ningependa mwanangu aijue kabla ya kujua bunduki ya Patterson ilikuwa ya aina gani.

Msimamo wangu: simba wasirudi kwanza. Kwanza pale darajani pawekwe kumbukumbu ya vibarua.

Kijana wa Voi

Mzazi, shikamoo. Nakuheshimu, ila hiyo "kwanza" yako mnaisema nyinyi wa Nairobi mkiwa mmeshiba. Tangu 2017 abiria wa SGR, ile reli mpya ya Mombasa na Nairobi, wanapita hapa mbio. Simba hao wakiwekwa Voi, si Nairobi tafadhali, watu watashuka, watalala, watakula kwetu. Damu ilimwagika Tsavo, pesa zinaingia Chicago. Kumbukumbu bila wageni ni jiwe tu porini.

Mwanabiolojia, Kahawa

Hawakuibwa, ndugu zangu, waliuzwa, na hapo kisheria tunabanwa. Pia kule wanafanyiwa utafiti. Mwaka 2024 watafiti walitoa nywele zilizonasa kwenye meno yaliyovunjika ya simba hao, wakapima DNA, wakakuta twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia. Na binadamu. Tuombe ushirikiano wa utafiti, tusianze na ugomvi.

Mzazi wa Makadara

Marahaba, kijana. Hapo kwa Voi umenishinda, nakubali: wakirudi wakae Voi.

Mwanabiolojia, kuuzwa waliuzwa, lakini muuzaji alipewa na nani? Hakuna aliyeulizwa upande wa huku. Hilo la nywele za binadamu nimelisoma mara mbili, kwa maana huyo ni mtu wa mtu. Hata jina hatuna.

Mjukuu wa Landhi

Mimi nimezaliwa landhi za Makongeni, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli; babu alikuwa kwenye genge la vibarua wa reli. Nendeni Makumbusho ya Reli hapa Nairobi mkaone behewa namba 12, ambalo simba alimtoa afisa wa polisi Charles Ryall kule Kima, Juni 1900. Mzungu mmoja aliliwa, behewa limehifadhiwa na jina tunalo. Mzazi anasema kweli.

Kijana wa Voi

Sawa, mzee. Basi viende pamoja: simba na kumbukumbu, siku moja. Mkisema kimoja kitangulie, nawajua wakubwa, tutakosa vyote.

Mzazi wa Makadara

Pamoja, nimekubali, nafuta ile "kwanza" yangu. Jumamosi nampeleka mtoto kwenye behewa hilo. Na nimemwandikia mwalimu barua, kwa adabu, nikimwomba swali lile alitoe tena na jibu la "vibarua" nalo lipate vema.