Konsoli zijazo: kwenye hizi tetesi, tuamini lipi?

Kitufe_Mraba:

Wakuu habari zenu. Naomba mnisaidie mawazo.

Kila nikishika simu nakutana na picha mpya ya PlayStation 6 au Xbox ijayo. Leo nyeupe na nyembamba, kesho nyeusi yenye kioo mbele. Chini ya picha huyu kaandika teraflopu 40 (kipimo cha hesabu ambazo chipu inafanya kwa sekunde), yule 80, na wote wanasema wameambiwa na mtu wa ndani.

Nina PS5 ya toleo la kwanza, lile kubwa la 2020, na bado inanifaa, kwa hiyo sina haraka ya kununua. Ninachotaka ni kuelewa. Umbo la konsoli linatokana na nini hasa? Kuna sababu yoyote ya kutegemea kwamba ijayo itakuwa ndogo? Na kwa mtu ambaye si fundi, ni namba ipi ya kuishika ili nijue tetesi hii ina uzito na ile ni porojo?

Diski nazo zinanitia wasiwasi, nina nyingi. Naomba tusigeuze uzi huu kuwa vita ya Sony na Microsoft.

FundiWaBodi:

Mkuu, anza kwa kuziweka picha pembeni. Agosti 2019 ulisambaa mchoro wa hataza ya Sony iliyosajiliwa Brazil, sanduku lenye umbo la V. Watu wakaupaka rangi, wakauita PS5. Mchoro ulikuwa halali kabisa, ila kile kilikuwa kifaa cha watengenezaji gemu, cha kukaa studio. PS5 yenyewe ilipoonyeshwa Juni 2020 haikufanana nacho hata chembe.

Sasa linganisha na Switch. Julai 2016 tovuti ya gemu ya Eurogamer waliandika kwamba Nintendo wanakuja na kifaa cha mkononi kinachochomekwa kwenye TV, padi zinachomoka pembeni, ndani kuna chipu ya Tegra ya Nvidia. Hakukuwa na picha rasmi hata moja. Kilipotoka Machi 2017, kilikuwa hivyohivyo. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza: hii tetesi inanieleza mashine inavyofanya kazi, au inanionyesha ganda tu?

Kwenye umbo, jibu ni joto. Ganda huwa linachorwa kuzunguka kitu kinachopoza. Fungua hiyo PS5 yako ya kwanza utaona feni ya milimita 120 kwa upana na 45 kwa unene, inavuta hewa pande zote mbili, kisha kipozajoto kikubwa ambacho ndicho kimekula nafasi. Kati ya chipu na kipozajoto wameweka metali ya kimiminika badala ya ile pasta ya kawaida, na ugavi wa umeme ni wa wati 350. Xbox Series X ya Microsoft wamepita njia nyingine: bodi wameigawa mbili, hewa inapanda kutoka chini hadi kwenye feni moja ya milimita 130 juu, ndiyo sababu imesimama kama mnara. Timu mbili tofauti, chipu zinazokula umeme unaokaribiana, na zote mbili zikatoa masanduku makubwa. Hiyo haikuwa suala la ladha ya mchoraji.

Je, ijayo itakuwa ndogo? Zamani tulikuwa na uhakika wa kitu kimoja: subiri miaka michache, chipu itapungua, konsoli itapungua nayo. Cell, prosesa ya PS3, ilianza na nanomita 90 mwaka 2006 (namba hii ikishuka, chipu inakuwa ndogo), ikafika 45 kwenye PS3 Slim ya 2009. PS5 ilianza na 7, mwaka 2022 ikashuka hadi 6 tu. Slim ya 2023 ilipunguza ujazo kwa zaidi ya asilimia 30, jambo zuri, ila ule mteremko wa zamani haupo tena. Sehemu za kumbukumbu zilizo ndani ya prosesa hazikupungua karibu lolote kutoka nanomita 5 kwenda 3, na sahani ya silikoni ambayo chipu hukatwa kutoka kwake inazidi kupanda bei kila kizazi. Kwa hiyo tetesi ikitaja wati, naisoma hadi mwisho. Ikiniambia mashine itakula wati 160, najua sanduku linaweza kuwa dogo kuliko lako. Ikisema 300, ile picha nyembamba ifute.

Sasa namba ya kushika. Si teraflopu. PS5 ina 10.28, Series X ina 12, na miaka yote hii gemu nyingi zimekimbia sawasawa, nyingine PS5 ikiwa mbele kidogo. Halafu namba yenyewe inahesabika kwa namna mbili. PS5 Pro kabla haijatoka Novemba 2024 tetesi zilitaja 33.5. Sony wakaja na 16.7. Chipu ni ileile! AMD, ambao ndio chipu zao ziko kwenye PS5 na Xbox, kwenye chipu zao za karibuni walibadilisha muundo ili kitengo kimoja kiweze kufanya hesabu mbili kwa mkupuo katika mazingira fulani, basi anayetaka namba kubwa anazidisha kwa mbili. Ukimwona mtu anakutajia 80 bila kusema amehesabuje, mpite.

Shika kumbukumbu, yaani RAM. Hii nakuomba uisome taratibu, maana ukiielewa hutahitaji mtu wa ndani.

Kila chipu ya GDDR, aina ya RAM inayotumika kwenye konsoli hizi, inaunganishwa na prosesa kwa njia ya biti 32. PS5 ina chipu 8, kwa hiyo upana wa njia ni 8 mara 32, biti 256. Kila biti inapitisha gigabiti 14 kwa sekunde. Zidisha 256 kwa 14, gawanya kwa 8 ili upate gigabaiti, inakuja 448. Ndiyo namba rasmi ya Sony. Series X ina chipu 10, biti 320, kasi ileile, inakuja 560. Lakini kati ya hizo chipu, 6 ni za gigabaiti 2 na 4 ni za gigabaiti 1, jumla 16. Gigabaiti 10 zimetandazwa kwenye chipu zote, zinapata 560. Gigabaiti 6 zinazobaki ziko kwenye chipu 6 tu, njia ya biti 192, na kasi inashuka hadi 336. Watengenezaji gemu ikabidi wachague data ipi ikae upande wa haraka.

Sasa chukua tetesi. Mtu akisema konsoli ijayo ina gigabaiti 24 kwa njia ya biti 256, gawanya 24 kwa chipu 8, unapata 3, na chipu za GDDR7, toleo jipya la GDDR, za gigabaiti 3 zipo. Tetesi inasimama. Akisema 30 kwa biti 160, hapo ni nafasi 5, lakini chipu mbili zinaweza kugawana nafasi moja, moja juu ya bodi na nyingine chini yake: 10 mara 3, inasimama pia. Akisema 20 kwa biti 256, muulize amechanganyaje ukubwa wa chipu. Wengi hukaa kimya hapo.

Na RAM ndiyo itakayoamua tarehe. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu imeruka kwa sababu vituo vya akili mnemba vinazoa kila kinachozalishwa, na Desemba hiyo Micron walitangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya kuwauzia watu wa kawaida. Anayebuni konsoli leo anajadiliana kuhusu kila gigabaiti. Mimi ningependelea nisubiri mwaka mmoja zaidi nipate 30 kuliko niletewe mapema mashine ya 20 ambayo nitaishi nayo miaka saba.

Gemu_Mkononi:

Fundi umeeleza vizuri, ila umebaki sebuleni. Kwangu habari kubwa ya kizazi kijacho ni kifaa cha mkononi kinachokwenda sambamba na kile cha TV. Microsoft na ASUS wametoa ROG Xbox Ally Oktoba 2025. Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ina skrini ya inchi 7.9, RAM ya gigabaiti 12, na DLSS, ile teknolojia ya kuchora picha ndogo halafu kuikuza kwa akili mnemba hadi ijae TV. Ukicheza mkononi betri yake Nintendo wenyewe wanaikadiria kati ya saa 2 na 6.5. Naitumia kila siku, na gemu nzito zinaiweka karibu na ile namba ya chini.

Hofu yangu ni mdogo kumrudisha nyuma mkubwa. Mnakumbuka gemu ya Baldur's Gate 3? PS5 waliipata Septemba 2023. Xbox wakasubiri hadi Desemba kwa sababu kugawa skrini kwa wachezaji wawili kulikuwa hakutoshi kwenye Series S, ile Xbox ndogo, na hatimaye ikatoka bila kipengele hicho kwenye Series S. Series S ina gigabaiti 10 za RAM dhidi ya 16 za kaka yake Series X. Kwa hiyo tetesi ikisema kutakuwa na vifaa viwili, mimi sitazami prosesa ya kile kidogo. Natazama pengo la RAM. Picha unaweza kuipunguza ukubwa. Dunia ya gemu yenyewe, wahusika wake na vitu vyake vyote, haipunguki kirahisi hivyo.

FundiWaBodi:

Nakubaliana nawe kabisa kwenye pengo la RAM. Ongeza kasi ya njia, kwa sababu kifaa cha mkononi hutumia LPDDR, aina ya RAM inayokula umeme kidogo lakini njia yake ni nyembamba. Switch 2 ikiwa kwenye TV inapata gigabaiti 102 kwa sekunde, ikiwa mkononi 68. Weka hiyo pembeni ya 448 ya PS5.

DadaWaDiski:

Kaka Kitufe, kwenye diski soma walichokwisha kufanya, usisome tetesi. PS5 Slim kisomadiski kinachomoka. PS5 Pro inauzwa bila kisomadiski, unakinunua kivyake. Nionavyo, Sony wakikaa kutengeneza PS6 hawana sababu ya kubeba gharama hiyo ndani ya kila sanduku wakati wameshapata namna ya kuiweka nje. Nategemea kisomadiski cha kuchomeka, na ningefurahi mno kile cha sasa kikikubaliwa na mashine mpya.

Lakini jueni kwamba kisomadiski hicho lazima kisajiliwe kwa intaneti mara ya kwanza unapokiunganisha na konsoli. Na upande wa Nintendo kuna zile kadi za ufunguo za Switch 2: unanunua kadi, unaichomeka, halafu gemu yenyewe unaipakua. Kadi ipo mkononi, gemu haimo ndani. Hili linaniuma kweli, kwa sababu nanunua diski ili niweze kumuazima ndugu yangu leo na niicheze tena miaka 15 ijayo seva zikiwa zimezimwa. Diski ya PS5 inabeba hadi gigabaiti 100, na gemu nyingi zinaenea humo. Msiniambie haiwezekani.

Kitufe_Mraba:

Wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimekaa na kikokotoo nikapitia tetesi nilizokuwa nimehifadhi, na mbili zimeanguka kwenye mgawanyo wa chipu peke yake.

Nina swali moja limebaki. Gemu zangu za sasa zitacheza kwenye mashine mpya? Na ile video ya Mark Cerny, msanifu wa PlayStation, akiwa na AMD kuhusu teknolojia zijazo ina maana gani?

FundiWaBodi:

Kucheza gemu za nyuma kunategemea sana nani katengeneza chipu. PS3 ilikuwa na Cell, PS4 ikahamia kwa AMD, na diski zote za PS3 zikabaki hazichezeki. PS4 kwenda PS5 walibaki AMD na karibu kila kitu kikavuka. Juni 2025 Microsoft walitangaza ushirikiano wa miaka mingi na AMD kwa Xbox zijazo, na Sony ndiyo hao wamekaa na AMD mbele ya kamera. Mwelekeo huo unanipa matumaini makubwa kuhusu maktaba yako.

Video ilikuwa ya Oktoba 2025, Mark Cerny na Jack Huynh wa AMD. Walizungumzia mambo matatu. La kwanza ni kuunganisha vitengo vya chipu vifanye kazi ya akili mnemba kwa pamoja badala ya kila kimoja kivyake. La pili, vitengo maalumu vya kufuatilia miale ya mwanga. La tatu ndilo lililonifanya nirudie video: kubana data yote inayopita kati ya RAM na chipu ya picha, badala ya aina chache tu kama ilivyo sasa. Rudi kwenye hesabu yetu. Ukibana kila kinachopita, njia ya biti 160 inaweza kufanya kazi ya njia pana zaidi, ukatumia chipu chache, umeme mdogo, kipozajoto kidogo. Ndiyo maana ile tetesi ya biti 160 siitupi, japo watu wengi wanaicheka kwa sababu namba ni ndogo kuliko 256 ya PS5.

Cerny alisema wazi kwamba kwa wakati ule teknolojia hizo zilikuwa kwenye majaribio ya kompyuta tu, na kwamba anataka kuzileta kwenye konsoli baada ya miaka michache. PlayStation zimetoka 1994, 2000, 2006, 2013 na 2020. Kwa mwendo huo 2027 ingekuwa zamu yake, ila kwa hali ya RAM sitashangaa ikisogea hadi 2028 au zaidi. Ukiona tetesi mpya yenye upana wa njia na wati kwa pamoja, ilete hapa tuipigie hesabu.